Mtoto wa kilo nne na nusu: sifa, na swali la sukari ya mama

Katika wodi ya wazazi, habari mbili husambaa kwa ndugu kwa simu kabla ya nyingine zote: jinsia ya mtoto na kilo zake. Mtoto akizaliwa na kilo 4.5, vigelegele huongezeka. Baba hupongezwa, bibi husema mkwe wake alitunzwa, na mama huambiwa kuwa miezi tisa ya kula vizuri imelipa.

Mara nyingi furaha hiyo haina ubaya. Wapo watoto wanaozaliwa wakubwa kwa sababu wazazi wao ni warefu na wenye maumbo makubwa, nao huwa na afya njema kabisa. Lakini wapo wengine ambao ukubwa wao umetokana na sukari iliyokuwa juu katika damu ya mama kwa wiki nyingi bila mtu kujua. Kwa macho, watoto hawa wawili wanaweza kufanana. Kinachowatofautisha ni kipimo.

Kipimo hicho kinatakiwa kufanyika mtoto akiwa bado tumboni. Familia nyingi hukisikia kwa mara ya kwanza baada ya uchungu kukwama, au baada ya mtoto mnene aliyependeza kuanza kutetemeka na kukataa kunyonya saa chache baada ya kuzaliwa.

Sukari inavuka, insulini haivuki

Kila mjamzito hupata mabadiliko katika namna mwili wake unavyotumia sukari. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazofanya insulini ya mama isifanye kazi kwa nguvu yake ya kawaida. Lengo la mwili ni jema: kubakiza sukari ya kutosha kwenye damu ili mtoto apate chakula. Kwa wanawake wengi, kongosho huongeza insulini na mambo huenda sawa.

Kwa baadhi yao kongosho hushindwa kufikia kiwango kinachohitajika. Sukari hupanda, kwa kawaida kuanzia katikati ya mimba. Hicho ndicho kisukari cha mimba. Kinaweza kumpata mwanamke yeyote, lakini humpata kwa urahisi zaidi aliyeanza mimba akiwa na uzito uliopitiliza, kwa sababu mafuta mengi mwilini, hasa ya tumboni, nayo hupunguza nguvu ya insulini. Mwili wake unakuwa na mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Kinachofuata kilielezwa na daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, katika miaka ya 1950, na maelezo yake bado ndiyo msingi wa tiba hadi leo. Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haivuki. Mtoto aliyepokea sukari nyingi hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, na insulini ni homoni inayojenga mwili na kuhifadhi mafuta. Mtoto hunenepa, hasa mabegani na kifuani. Kichwa chake kinaweza kuwa cha kawaida huku mabega yakiwa mapana.

Tatizo hili si dogo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba duniani, katika kila watoto 6 wanaozaliwa hai, mmoja huwa ametoka kwenye mimba iliyoguswa na sukari ya juu. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta zaidi ya robo ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au unene. Kwa mijini jambo hili halihitaji hata takwimu. Kazi za kukaa, bodaboda hadi mlangoni, chipsi za jioni na soda ya kila siku vimebadilisha miili ya watu wengi ndani ya kizazi kimoja.

Aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba

Kuna tofauti kubwa kati ya mama aliyepata kisukari ndani ya mimba na yule aliyekuwa nacho tangu awali, hata kama hakujua.

Viungo vya mtoto, yaani moyo, uti wa mgongo, ubongo na figo, huanza kuumbika katika wiki nane za mwanzo. Wakati huo wanawake wengi hawajaanza kliniki, na baadhi yao hawajajua kuwa wana mimba. Sukari ikiwa juu sana katika wiki hizo, hatari ya mimba kuharibika huongezeka, na vilevile hatari ya mtoto kuzaliwa na hitilafu ya moyo au mgongo wazi.

Kwa hiyo mwanamke mwenye kisukari anayetaka mtoto anashauriwa amwone daktari kabla ya kushika mimba. Sukari husawazishwa kwanza. Dawa zake hupitiwa moja moja, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha na za lehemu hazifai kwa mjamzito. Huandikiwa pia vidonge vya foliki asidi kabla ya mimba, na kwa wenye kisukari madaktari wengi hutoa kiwango cha miligramu 5 kwa siku, ambacho ni kikubwa kuliko cha wanawake wengine. Macho na figo hukaguliwa, maana mimba inaweza kuongeza madhara yaliyokuwepo.

Ikiwa mimba imeshaingia bila mpango, jambo la haraka ni kwenda kliniki wiki hiyo hiyo. Asiache dawa zake mwenyewe kwa hofu ya kumdhuru mtoto, maana sukari isiyotibiwa nayo inamdhuru.

Unene peke yake nao una hesabu yake

Hata pale sukari inapokuwa sawa, uzito mkubwa una athari zake kwenye mimba. Presha hupanda kwa urahisi zaidi, na presha hiyo inaweza kufikia kifafa cha mimba, ambacho ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wajawazito. Damu huganda kwa urahisi kwenye mishipa ya miguu. Picha za ultrasaundi huwa hazionyeshi vizuri. Akihitaji upasuaji, kumchoma ganzi ya mgongoni huwa kugumu zaidi, na kidonda huchukua muda kupona au hupata maambukizi.

Wataalamu hupima unene kwa kugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita, kisha kugawanya tena kwa urefu huo huo. Mama wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.60 hupata karibu 32. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene. Hesabu hiyo hufanywa kwa uzito wa kabla ya mimba au ule wa mahudhurio ya kwanza kliniki.

Viwango vilivyotolewa Marekani mwaka 2009, na ambavyo hutumika sehemu nyingi, vinasema mwanamke mwenye uzito wa kawaida aongezeke kilo 11.5 hadi 16 katika mimba nzima ya mtoto mmoja. Mwenye uzito uliozidi aongezeke kilo 7 hadi 11.5. Mwenye unene, kilo 5 hadi 9. Maana yake ni kwamba hata mama mnene anatakiwa kuongezeka kidogo. Mimba si wakati wa kujinyima chakula ili kupungua. Wala si wakati wa kunywa chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni.

Jambo hili lina upande mwingine unaoumiza. Wapo wanawake wanaochelewa kuanza kliniki kwa sababu mara ya mwisho walipopanda kwenye mizani walichekwa au kusemwa mbele ya wenzao kwenye benchi. Anayekwepa mizani hukosa pia kipimo cha presha, cha damu na cha sukari. Mume anayemtania mkewe kwa unene wake nyumbani anachangia katika hilo bila kujua. Unene wa mtu hutokana na mengi: urithi, mimba zilizopita, kazi, usingizi, na chakula kinachopatikana kwa bei anayoiweza. Mama huyo anahitaji msaada, na aibu haijawahi kushusha sukari ya mtu.

Kutokuwa na dalili si jibu

Wengi husubiri dalili: kiu, kukojoa mara kwa mara, uchovu. Lakini kila mjamzito hukojoa mara kwa mara na huchoka. Kisukari cha mimba kwa kawaida hakimwambii mama lolote. Anajisikia vizuri, tumbo linakua, mtoto anacheza.

Kipimo cha mkojo nacho hakitoshi. Mjamzito anaweza kuwa na sukari kwenye mkojo huku damu yake ikiwa sawa, na mwingine mwenye kisukari akapimwa mkojo ukawa safi. Kipimo kinachoaminika ni cha damu.

Kwa kawaida hufanyika kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mama hufika asubuhi bila kula kitu tangu usiku, hutolewa damu, hunywa maji yaliyochanganywa na gramu 75 za glukosi, kisha hutolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, ana kisukari cha mimba ikiwa sukari kabla ya kula ni 5.1 hadi 6.9, au imefika 10.0 baada ya saa moja, au ni 8.5 hadi 11.0 baada ya saa mbili. Jibu moja kati ya hayo linatosha. Sukari ya 7.0 au zaidi kabla ya kula, au 11.1 au zaidi baada ya saa mbili, huhesabiwa kuwa kisukari kamili.

Wapo wasiotakiwa kusubiri wiki ya 24. Hawa hupimwa tangu hudhurio la kwanza: mwenye unene, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari, aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, aliyewahi kuwa na kisukari cha mimba, na aliyewahi kuzaa mtoto mfu bila sababu kujulikana. Wakikutwa salama mwanzoni, hupimwa tena wiki ya 24 hadi 28.

Si kila zahanati ina kipimo hiki. Penye upungufu, mama au mumewe anaweza kuuliza kwa heshima kabisa: "Samahani nesi, mama yangu ana kisukari na mtoto wangu wa kwanza alikuwa na kilo 4.3. Sukari yangu inapimwa lini, na kama hapa hakuna kipimo, niende wapi?" Swali hilo lina habari zote anazohitaji mhudumu ili aandike rufaa.

Kwa nini kusumbuka kiasi hicho kwa jambo lisilouma? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia wajawazito karibu 25,000 katika nchi 9, ulionyesha kuwa kadiri sukari ya mama inavyopanda, ndivyo uwezekano wa mtoto kuwa mkubwa na wa mama kufanyiwa upasuaji unavyopanda, hata kabla ya kufikia kiwango kilichokuwa kikiitwa kisukari. Miaka mitatu kabla yake, utafiti wa wanawake 1,000, wengi wao wa Australia, ulilinganisha waliotibiwa kisukari cha mimba na waliopata huduma ya kawaida. Kwa waliopata huduma ya kawaida, watoto 4 katika kila 100 walipata madhara makubwa ya kuzaliwa, yakiwemo vifo, mabega kukwama na kuvunjika mifupa. Kwa waliotibiwa, alikuwa mtoto 1 katika kila 100.

Sahani ya watu wawili

"Kula mwanangu, mko wawili." Maneno hayo hutoka kwa mama mzazi, mama mkwe, shangazi na majirani, na yote hutoka moyoni. Kwa binti aliyekonda na mwenye upungufu wa damu, yana msaada. Tatizo ni pale yanapogeuka sahani ya pili ya wali, uji wa sukari katikati ya asubuhi, na soda ya kutuliza kichefuchefu.

Mtoto tumboni haongezi hitaji la mtu mzima mwingine. Miezi mitatu ya mwanzo mama hahitaji chakula cha ziada kwa kiasi kinachoonekana. Miezi mitatu ya kati, nyongeza ya siku nzima inaweza kuwa kikombe cha maziwa, yai moja na ndizi mbivu moja. Miezi ya mwisho huongezeka kidogo tena. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko vinane hadi tisa vya chai, nayo huingia kwenye damu kwa kasi kubwa. Juisi ya miwa na juisi za pakiti hazina nafuu.

Mama aliyekutwa na kisukari cha mimba haambiwi aache ugali. Anaambiwa apange sahani. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi. Robo iwe maharage, dagaa, samaki, kuku au mayai. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi za kupika, viazi vitamu au chapati. Ugali wa dona hupandisha sukari taratibu kuliko wa sembe. Tunda zima ni bora kuliko juisi yake, na ni vizuri kula tunda moja kwa wakati. Kula kidogo mara kadhaa kwa siku kunafaa kuliko kushinda na njaa halafu kula sahani moja kubwa usiku.

Kutembea kwa miguu kwa nusu saa kila siku, au dakika kumi kumi baada ya kila mlo, husaidia misuli kutumia sukari. Mama ambaye daktari hajamzuia kwa sababu nyingine anaweza kutembea hadi mwezi wa tisa. Anayetaka kufunga Ramadhani akiwa na kisukari cha mimba azungumze kwanza na daktari wake, kwani kushuka na kupanda kwa sukari katika saa hizo kunaweza kumdhuru yeye na mtoto.

Wanawake wengi hufanikiwa kwa chakula na mazoezi tu. Hujipima kidole kwa mashine ndogo, na malengo ya kawaida ni sukari iwe chini ya 5.3 kabla ya kula, chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, na chini ya 6.7 baada ya saa mbili. Isiposhuka, daktari huongeza insulini au vidonge vya metfomini. Hapo ndipo familia nyingi hushtuka, zikidhani sindano ya insulini ni ishara ya ugonjwa wa mwisho, au kwamba itamharibu mtoto. Kinyume chake, kwa kuwa insulini haivuki kondo la nyuma, ndiyo dawa iliyozoeleka zaidi katika mimba. Kabla ya insulini kugunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, wanawake wachache sana wenye kisukari waliweza kufikisha mimba hadi mwisho wakiwa salama pamoja na watoto wao.

Siku ya kujifungua

Mama mwenye kisukari au unene mkubwa anashauriwa kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji, damu ya kuongeza na huduma ya watoto wachanga. Zahanati ya karibu yenye mkunga mzuri haina vitu hivyo vyote, na safari ya usiku wakati uchungu umeshakwama ni ndefu hata kama ni ya kilomita kumi. Nauli, mtu wa kumsindikiza, na ndugu wa kuchangia damu vipangwe mapema, mimba ikiwa na miezi saba.

Hatari inayoogopwa zaidi ni mabega kukwama. Kichwa hutoka, kisha bega hunasa nyuma ya mfupa wa nyonga. Mkunga huwa na dakika chache tu za kumgeuza mama na kumtoa mtoto kabla hajakosa hewa. Mishipa ya fahamu ya shingo inaweza kuvutika na mkono wa mtoto ukalegea. Wengi hupona, lakini si wote. Mama anaweza kuchanika vibaya. Na mfuko wa uzazi uliotanuka sana unaweza kushindwa kujikaza, damu ikatoka kwa wingi.

Haina maana kuwa kila mwenye kisukari cha mimba atapasuliwa. Mwenye sukari iliyodhibitiwa na mtoto wa ukubwa wa kawaida anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Madaktari hufikiria upasuaji wa kupangwa pale mtoto anapokadiriwa kufika kilo 4.5 na mama ana kisukari, huku wakijua kuwa makadirio ya ultrasaundi yanaweza kukosea. Mara nyingine huamua kuanzisha uchungu kabla ya tarehe, kwa sababu hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka mwishoni mwa mimba sukari isipodhibitiwa. Mama anayeambiwa hivyo ana haki ya kuuliza sababu na kujibiwa.

Mtoto akipunguza kucheza, mama asisubiri kesho. Vivyo hivyo akiumwa kichwa kikali, akiona maruweruwe, akivimba uso na mikono ghafla, akitokwa damu au akivuja maji. Kila moja kati ya hizo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Saa ya kwanza ya mtoto

Tumboni, mtoto wa mama mwenye sukari ya juu alikuwa akipokea sukari nyingi na kutengeneza insulini nyingi. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama inakoma papo hapo. Insulini aliyozoea kuitengeneza haikomi. Ndani ya saa moja au mbili sukari yake inaweza kushuka kiasi cha kuhatarisha ubongo.

Ndiyo maana mtoto huyu, hata awe mnene wa kupendeza kiasi gani, hahesabiwi kuwa ana akiba ya kutosha. Awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akaushwe na kufunikwa, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga, ndiyo chakula chake. Yanaonekana machache, lakini kwa tumbo lake yanatosha kuanza. Baada ya hapo anyonyeshwe mara kwa mara, bila kupita saa tatu, hata ikibidi kumwamsha.

Wahudumu humtoboa kisigino na kupima sukari mara kadhaa katika siku ya kwanza. Hospitali nyingi huchukua hatua ikiwa chini ya 2.6. Bibi anaweza kuona ni ukatili mjukuu wake kuchomwa kila mara. Afafanuliwe kwa upole kwamba tone hilo la damu linalinda akili ya mtoto, kwa sababu wengine sukari yao hushuka bila kuonyesha dalili yoyote.

Dalili zinapokuwepo ni hizi: kutetemeka, kulegea, kulala kupita kiasi, kukataa ziwa, kulia kwa sauti isiyo ya kawaida, kupumua kwa shida, mwili kuwa baridi, au degedege. Mtoto huyo aonwe na mhudumu mara moja. Asipewe asali, maji ya glukosi ya nyumbani wala maziwa ya ng'ombe. Hospitali ina njia zake: maziwa ya mama yaliyokamuliwa, jeli ya sukari inayopakwa ndani ya shavu, au dripu.

Mambo mengine mawili huwashangaza wazazi. Insulini nyingi huchelewesha mapafu kukomaa, hivyo mtoto mkubwa anaweza kupumua kwa shida kama njiti. Pia huwa na chembe nyekundu nyingi za damu, ambazo zikivunjika humletea manjano ya macho na ngozi. Familia inayoijua sababu haitapoteza muda kutafuta aliyemwangalia mtoto kwa jicho baya.

Baada ya arobaini

Kondo la nyuma likitoka, homoni zake huondoka, na kwa wanawake wengi wenye kisukari cha mimba sukari hurudi kawaida ndani ya siku chache. Hapo ndipo wengi hupotea. Dawa zimesimamishwa, mtoto anakua, na kadi ya kliniki sasa ni ya mtoto.

Lakini mimba ilikuwa imeonyesha udhaifu wa kongosho mapema. Tafiti zilizounganishwa pamoja zinaonyesha kuwa mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana uwezekano wa mara saba hadi kumi wa kupata kisukari cha ukubwani, akilinganishwa na ambaye hakuwahi. Anatakiwa apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha angalau kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu maisha yake yote, na mapema kabla ya mimba nyingine. Wiki ya 6 ndiyo ile ambayo mtoto hupelekwa kwenye chanjo. Safari moja inaweza kutosha kwa wote wawili, mama akiamka bila kula na akilikumbusha jambo hilo mwenyewe.

Siku za uzazi zina chakula chake: mtori, supu, uji mzito, chai ya maziwa. Mzazi anahitaji kula, na kunyonyesha hutumia nguvu nyingi. Mtori wenye nyama ni chakula kizuri. Kinachoweza kupunguzwa bila kumkosea heshima mama mkwe ni sukari kwenye uji, ulazima wa kumaliza bakuli la tatu, na kukatazwa kutembea kwa siku arobaini. Kunyonyesha kwa miezi mingi humsaidia mama kupunguza uwezekano wa kupata kisukari baadaye.

Mtoto naye ana sehemu yake. Waliokulia kwenye sukari ya juu tumboni huelekea zaidi kunenepa utotoni na kupata kisukari wakikua. Hiyo si hukumu. Ni sababu ya nyumba nzima kubadili mezani: maji badala ya soda, matunda badala ya biskuti, na mtoto kuachwa akimbie nje. Baba anayekula chapati nne na soda huku akimwambia mkewe ale mchicha hamsaidii. Akila naye mchicha huo, na jioni wakatembea pamoja hadi dukani, dawa inakuwa ya familia.

Kuhusu kilo za mtoto, ndugu waendelee kuuliza na vigelegele viendelee. Kilo zikifika nne au zaidi, mtu mmoja ndani ya nyumba aulize na la pili: "Sukari ya mama ilipimwa?" Kama haikupimwa, ipimwe sasa, na jibu liandikwe kwenye kadi ambayo mama ataenda nayo kliniki mimba ijayo.